Muulize Bwana Miti: Ua la mkuyu liko wapi?

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu Ujiji, jioni mbili badala ya moja, kwa kuwa ile ya kwanza umeme ulikatika nikiwa katikati ya sentensi. Zimekuja sita. Ya sita inauliza bei ya mbao za mninga. Ndugu yangu, nilishastaafu, na hata nilipokuwa kazini sikuuza mbao. Tano zilizobaki zote zinauliza jambo lilelile kwa milango tofauti: mti wa mlimani unaoana vipi, na watoto wake wanafikaje kule waliko. Naanza na ndefu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwendesha boti, nakaa Buhingu. Mwaka jana niliwasindikiza wageni kupanda kuelekea Nkungwe, kilele cha milima ya Mahale. Huko juu niliona mkuyu umeota juu ya jiwe tupu, na mwingine umeota juu ya mti mwingine kabisa, mizizi inaning'inia kama kamba za nanga. Nani kaipanda? Halafu lipo swali la tangu utotoni. Sijawahi kuona ua la mkuyu. Bibi alikuwa akisema atakayeliona atakuwa tajiri. Nina miaka 41 na boti ninayoendesha ni ya mtu. (Msomaji, Buhingu)

JIBU: Marahaba, baba. Ua la mkuyu umeliona mara elfu, tena umelitafuna. Nadhani bibi alitaka tu uache kumsumbua.

Chukua kiroba cha dagaa, kikaze mdomo kwa kamba. Sasa fikiri kila dagaa mle ndani ni ua dogo. Hilo ndilo kuyu. Yale unayoyaita matunda, yanayobanana kwenye shina, mwanzoni si matunda. Ni vifuko, na ndani ya kila kimoja mna mamia ya maua yanayotazamana gizani. Nyuki haingii humo, kipepeo haingii. Penye kitovu cha kuyu pana kitundu kilichozibwa na magamba yaliyolaliana, na mdudu anayepita hapo kuleta chavua ni mmoja tu.

Huyo ni kinyigu. Usimfikirie yule nyigu wa darini anayekukimbiza mpaka uani. Huyu ana urefu wa milimita 2 hivi na hana habari na wewe. Jike anakuja amebeba chavua, ile poda ya ua dume. Anajipenyeza kwenye magamba kwa nguvu kiasi kwamba mabawa yanakatikia mlangoni. Hatoki tena. Anatembea juu ya maua, anayapaka chavua, na katika baadhi yake anataga mayai, kisha anafia humo humo. Maua aliyoyapaka bila kuyatagia yanafanya mbegu. Aliyoyatagia yanalea watoto wake. Kwa hiyo mkuyu unatoa mahari: sehemu ya mbegu zake zinaliwa na watoto wa mgeni, ili zilizobaki zipate baba.

Wiki chache baadaye madume hutangulia kutoka. Hawana mabawa kabisa. Kazi yao ni mbili tu, kuwapanda majike wakiwa bado wamefungiwa kwenye vijumba vyao, kisha kutoboa ukuta wa kuyu ili majike wapate njia. Wakimaliza wanakufa, na nje siafu na sungusungu wanakuwa wameshapanga foleni. Majike ndio wanaobeba mzigo. Maua dume ya kuyu lile yamesubiri mpaka siku hiyo ndipo yapevuke, na kinyigu wa mkuyu wetu ana vifuko kifuani vya kutilia chavua, kama mama anayeficha noti sokoni. Anavijaza, anapita shimoni, anaruka. Ana siku moja au mbili za kuishi, na ndani ya muda huo lazima apate mti mwingine wenye makuyu machanga, tena wa aina ileile, maana jamii ya mikuyu ina aina zaidi ya 750 duniani na karibu kila moja ina kinyigu wake.

Usiniamini kwa maneno. Chuma makuyu yaliyonenepa lakini bado magumu, yatie kwenye chupa ya mdomo mpana, funga kitambaa chepesi, weka kivulini. Kama umelenga siku, asubuhi utakuta kitambaa kimejaa nukta nyeusi zinazotembea. Mimi nilifanya hivyo mezani pa kulia chakula. Mama watoto hakufurahi.

Utauliza mdudu wa milimita 2 atafika wapi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Namibia, kwenye mikuyu hii hii iliyotawanyika kandokando ya mto Ugab jangwani. Walilinganisha vinasaba vya mbegu na vya miti, wakakuta chavua imesafirishwa mpaka kilomita 160. Kinyigu hapigi mabawa umbali huo wote. Anapaa juu, upepo unambeba. Kutoka Kigoma mjini mpaka Mahale kwa maji ni kilomita 128 hivi, na wewe unajua zinachukua mafuta kiasi gani. Ziwa lenyewe lina upana wa wastani wa kilomita 50. Sioni kwa nini kinyigu wa Congo asije kuoa kwetu bila pasipoti.

Na kama kinyigu hayupo? Misri wamepanda mikuyu tangu enzi za Mafarao, lakini kinyigu wake hakai huko. Makuyu yao hayana mbegu hai, na miti hupandwa kwa vipande vya matawi. Tena kuyu la huko halilainiki lenyewe vizuri. Mkulima analichanja kwa kisu, na lile jeraha ndilo linaloliivisha. Ndiyo maana Amosi, anayesema katika Biblia yetu kwamba alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, katika tafsiri ya kale ya Kiyunani anaitwa mchanja makuyu. Nilikuwa nikilisoma neno hilo miaka yote nikidhani alikuwa akimwagilia tu. Zakayo yeye alipanda mkuyu kwa shida zake nyingine.

Sasa nani kaupanda ule wa kwenye jiwe. Vinyigu wakishatoka, kuyu hubadilika ndani ya siku chache: linalainika, linapata rangi, linapata sukari. Anakuja hondohondo, anakuja shorobo, kima, usiku popo na komba. Na Mahale anakuja sokwe. Watafiti wa Kijapani wamekuwa huko tangu 1965, na sehemu kubwa ya kazi yao, isiyopigwa picha na watalii, ilikuwa kuosha kinyesi cha sokwe kwenye chujio na kuhesabu mbegu. Niliwahi kushika chujio la namna hiyo. Harufu yake si mbaya kama unavyodhani. Ni kama pombe ya ndizi iliyochacha. Mle ndani mbegu za kuyu zilikuwa kama mchanga, ndogo kuliko punje ya ulezi, nzima kabisa. Pamoja nazo zilikuwamo mbegu kubwa za mabungo, yale ambayo Watongwe wanayaita ilombo na ninyi mnayanywa kama juisi. Sokwe humeza mbegu ya bungo jinsi ilivyo, analala nayo, kesho anaiacha kwenye bonde jingine. Makuyu mara nyingine huyakamua kati ya mdomo wa chini na meno, anafyonza maji, halafu anatema makapi yakiwa na mbegu ndani.

Hondohondo ndiye aliyepanda ule wako wa juu ya mti, au popo. Hapo siwezi kuapa. Ndege anakula huku, anaruka, anatua kwenye tawi refu ng'ambo ya korongo, anajisaidia. Mbegu inanasa kwenye panda la tawi penye kuvu na majani yaliyooza. Huku chini ziwani ingekauka siku ya pili, lakini kule juu ukungu unainywesha kila alfajiri. Inaota, inateremsha mizizi taratibu kando ya shina la mwenyeji mpaka iguse udongo, na kuanzia siku hiyo mwenyeji ameshaingiwa. Kwenye jiwe ni hivyohivyo, ila badala ya panda ni ufa. Aina nyingine hupenda kuanzia kwenye michikichi, pale makuti ya zamani yalipokatwa yakaacha vikombe vya taka. Pita njia ya Simbo uangalie.

SWALI: Mzee, toleo lililopita uliandika kwamba "kima, nyani na mbega wote ni wapanda miti wa serikali wasiolipwa." Mbega ulimtoa wapi? Mimi nilifanya kazi ya ulinzi msituni. Mbega anakula majani. (Msomaji, Kalya)

JIBU: Umenikamata. Nilipenda sentensi kuliko ukweli. Mbega, yule mwekundu wa mabondeni na yule mwenye vazi la nyeusi na nyeupe wa misitu ya juu, ana tumbo la kusagia majani, lenye vyumba, na akila tunda mara nyingi hulila bichi, na mbegu zake anazitafuna au zinaozea humo. Kwa mti yeye ni mla mtaji. Kima na nyani nawaacha palepale, ingawa nyani naye ana siku zake za kuvunja kila kitu. Asante, na endelea kunisoma kwa jicho hilohilo.

SWALI: Shikamoo. Tuna kikundi cha akina mama cha kitalu. Tulipata mbegu za mzambarau mwitu kutoka kwenye msitu wa juu ya kijiji chetu, tukazikausha vizuri juani siku nne, tukazihifadhi kwenye chupa. Mvua zilipoanza tukapanda viriba 300. Hakuna hata kimoja kilichoota. Mbegu za mikaratusi tulizofanyia hivyo ziliota zote. Tumelogwa? (Katibu wa kikundi, Buhigwe)

JIBU: Marahaba, mama katibu. Hamkulogwa. Mliziua, na mimi nilishaziua kabla yenu.

Mwaka 1991 nilikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Tulikusanya mbegu za mzambarau mwitu magunia mawili, tukazimwaga juu ya bati la ghala, siku tatu za jua la Agosti. Nilikuwa nikipanda ngazi kuzigeuza kwa reki, nikijisifu. Hazikuota. Ripoti ikaandikwa kwamba mbegu zilikuwa "hafifu", nami nikaitia sahihi.

Kuna mbegu zinazolala na mbegu zisizolala. Mkaratusi, au miti yetu ya nchi kavu, mbegu yake ni msafiri aliyebeba akiba, kaukau, inaweza kungoja kwenye debe miezi na miaka. Mbegu ya miti mingi ya msitu wenye unyevunyevu haijui habari za kungoja. Inaanguka penye kivuli na udongo laini, ina maji tele ndani, na kwa kawaida inaanza kuota ndani ya siku chache. Ukiyatoa hayo maji kwa jua umeitoa roho.

Fanyeni hivi. Okoteni zambarau zilizoiva na kuanguka, siku hiyohiyo. Zipikicheni kwenye maji mpaka nyama yote itoke. Hiyo ndiyo kazi ambayo tumbo la ndege na kima hufanya, kwa sababu nyama ikibaki inaleta ukungu na chungu. Pandeni siku hiyo au kesho yake, kwa kina cha ukucha wa kidole gumba, chini ya kivuli cha nyasi, na msiache udongo ukauke. Mkilazimika kusafirisha, zifungeni kwenye gunia bichi, si mfuko wa plastiki uliobanwa. Na kama msitu wenu uko ndani ya hifadhi, ombeni ruhusa kwanza.

Mmeuliza pia, pembeni ya barua, kwa nini chini ya mti mama kuna miche mingi lakini yote inakufa. Swali hilo lilimsumbua mwanasayansi Daniel Janzen akaandika mwaka 1970, na mwenzake Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa njia yake, jibu likawa moja. Chini ya mti mama ndipo wadudu na magonjwa wanaoujua ukoo huo wameweka kambi. Mche ulioota pale ni mtoto anayelelewa kwenye wodi ya wagonjwa. Aliyebebwa mbali ana nafasi. Hapo ndipo mlima unapotofautiana na pori la Tabora. Kule miombo haitegemei ndege: ganda linakauka, linajikaza, jua la Septemba na Oktoba likizidi linapasuka kwa kishindo na kuzitupa mbegu hatua kadhaa. Nililala Sikonge usiku mmoja wa ukame, nikadhani mtu anavunja kuni. Hatua kadhaa zinawatosha, kwa kuwa hata moto ukipita wanachipua tena kutoka mizizini. Msitu wenu wa Buhigwe hauna maganda ya kulipuka. Una matumbo.

SWALI: Mwakeye Mzee. Shuleni kwetu kuna mpodo uliopandwa zamani sana, mzuri, mnene. Hauzai. Wanafunzi wameniuliza nikakosa jibu mbele ya darasa zima. (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Mwalimu, pole, darasa halisamehe. Mpodo wako huenda ni dume. Mipodo ina miti dume na miti jike, kila mmoja na shina lake. Dume hutoa vijiti vidogo vya njano vyenye chavua na kuishia hapo. Jike hutoa mbegu, na katika mipodo mingi mbegu hiyo hukaa juu ya kikalio chenye nyama, chenye rangi, ambacho ndege hukifuata. Uchavushaji wake hauhitaji kinyigu wala nyuki; ni upepo. Kwa hiyo hata kama wako ni jike, na hakuna dume jirani, upepo utakuja mikono mitupu. Kwenye misitu ya juu ya Mahale mipodo iko mingi kwa pamoja, na upepo wa mgongoni mwa mlima hautanii. Wanafunzi wakague matawi kwa mwaka mzima waandike wanachokiona. Wakiona vijiti vya njano, kesi imekwisha.

Waambie pia wasidhani upepo unaweza kila kitu. Mchikichi una maua dume na maua jike kwenye mti mmoja, ila kwa zamu, kwa hiyo nao unahitaji mtu wa kati. Wazee wetu walidhani ni upepo, na wataalamu walidhani hivyohivyo. Malaysia walipanda michikichi yenye asili ya kwetu Afrika mashamba kwa mashamba, wakawa wanalipa watu wapite wakipuliza chavua kwa mkono. Mwaka 1981 wakaletewa fukusi mdogo kutoka Kameruni, anayezaliana kwenye maua dume yanayonukia kidogo kama bizari tamu, wakamwachia. Kazi ya mikono ikaisha. Hapa Kigoma tuna mawese tangu kale na hatukumlipa fukusi hata senti.

SWALI: Assalaam alaykum Mzee. Nyuma ya nyumba yetu Mwanga kuna mkuyu. Ukizaa, popo wanakuja usiku kwa mamia, asubuhi kanzu za mume wangu kwenye kamba zina madoa ambayo hata jiki haiyatoi. Ameshanoa shoka. Nimemwambia angoje jibu lako. (Mama wa Mwanga)

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Ameshanoa, basi niandike haraka.

Mikuyu haizai yote kwa pamoja. Wa kwenu unazaa mwezi huu, wa jirani mwezi mwingine, na lazima iwe hivyo, maana kinyigu anayetoka leo asipopata mti ulio tayari leo, ukoo wake umekwisha. Kwa sababu hiyo kuna makuyu mahali fulani hata kiangazi, miti mingine ikiwa imefunga duka. Popo na ndege wanavuka msimu wa njaa kwa mkuyu kama wenu, na mvua zikija ndio hao wanaobeba mbegu za miti mingine kwenda milimani. Hayo mweleze, ingawa najua mtu mwenye kanzu yenye madoa Ijumaa asubuhi hasikilizi elimu ya viumbe.

Kwangu ugomvi huo ulikuwapo. Kamba tuliihamishia upande wa jiko, pipa la maji tukaliwekea mfuniko, na watoto wakakatazwa kula kuyu lililoumwa na popo. Kanzu sasa zinanuka moshi kidogo, lakini ni nyeupe. Akikataa, mwambie aniandikie mwenyewe, na shoka aliache ndani mpaka nijibu.